Jua la Birongo na Saa ya Ughaibuni

Limo katika maswali ambayo wazee wetu hawakuwajibika kuyajibu, kwa sababu dunia ya zama zao haikuwauliza, swali hili ambalo leo linabisha hodi katika nyumba nyingi za Gusii: mtu ambaye mwili wake umeketi mahali pamoja na kazi yake ikatendeka mahali pengine, ambapo baina ya hapa na pale pana mabara, bahari na tofauti ya saa saba au nane, mtu huyo yuko wapi? Mwenye haraka atajibu kwamba yuko pale alipoketi, na mwenye kumlipa atajibu kwamba yuko pale panapotoka ujira, na kila mmoja atadhani kwamba amemaliza neno. Lakini juu ya jibu la swali hili zimesimama ibada ya mtu, mapumziko yake, heshima yake mbele ya wazazi, na hata ukweli wa jina lake. Nami naona kwamba tukiacha lijibiwe na mazoea, bila ya fikira, tutakuja kutambua kwamba tumeuza kitu ambacho hatukukusudia kukipeleka sokoni.

Nalileta swali hili Birongo kwa kuwa huko linaonekana waziwazi. Birongo ni wadi ya Nyaribari Chache, katika kaunti ya Kisii, nchi ya vilima na mabonde ambako mvua haichelewi, udongo haunyimi, na migomba hufuatana na chai kutoka kilima hadi kilima mpaka ng'ambo ya Nyamira, kaunti ya pili ya Gusii. Neema hiyo imelea watu wengi. Hesabu ya mwaka 2019 iliwapata wakazi zaidi ya 1,260,000 katika Kisii na zaidi ya 600,000 katika Nyamira, na kwa kuwa kaunti zenyewe ni ndogo, kila kilomita moja ya mraba ya Kisii huchukua watu zaidi ya 900. Shamba alilolima babu limegawanywa kwa wana, na la wana limegawanywa kwa wajukuu, hata wako vijana ambao urithi wao hautoshi kujengwa nyumba na kupandwa mahindi kwa pamoja. Katika nchi ya namna hii, kazi ipitayo angani, isiyotaka ekari wala ng'ombe, isiyotaka ila meza, kiti, umeme na akili iliyofunzwa, ina haki ya kupokewa kwa shukrani, na mimi ni miongoni mwa wanaoishukuru.

Lakini yafaa tukumbuke jinsi kazi ya ujira ilivyoingia Gusii kwa mara ya kwanza, maana kumbukumbu hiyo itatufaa mbele. Baada ya Waingereza kuivamia nchi kwa silaha mwaka 1905, na tena mwaka 1908 kufuatia Mgusii Otenyo kumchoma mkuki afisa wao Northcote, kodi ya nyumba ilimlazimisha mwanamume kutafuta fedha ambazo shamba lake halikuzizaa. Akaenda Nairobi, akaenda kwenye mashamba makubwa ya chai ambayo makampuni yaliyafungua Kericho katika miaka ya 1920, na alikokwenda alikwenda na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati, karatasi iliyotaja aliyemwajiri na ujira aliopewa. Kazi ile ilichukua mwili na kuuacha moyo nyumbani. Mke alibaki na jembe, na watoto wakamjua baba kwa barua na likizo. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliokaa Nyansongo katikati ya miaka ya 1950 wakichunguza malezi ya Wagusii, walizikuta nyumba nyingi ambazo mwenyewe yuko kazini mbali. Hata leo, jamaa zetu walioko Minnesota, ambao ni wengi, wanaishi kwa taratibu iyo hiyo: viungo viko ughaibuni, na dua yao ni kuzikwa katika udongo wa kwao.

Kazi ya siku hizi imeligeuza jambo hilo juu chini. Mwili umerudi nyumbani, na kilichosafiri ni akili. Sababu zake zajulikana: M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009, mpango wa serikali wa Ajira Digital wa mwaka 2016, kisha maradhi ya korona yaliyotangazwa Kenya mwezi Machi 2020, ambayo yaliwafunza waajiri wa dunia kwa nguvu kwamba karani aliye nyumbani kwake aweza kutenda sawasawa na karani aliye ofisini. Mema ya mageuzi haya hayahitaji wakili. Mama anayenyonyesha hujipatia riziki bila ya kumwacha mtoto kwa jirani. Mwana humpeleka baba mgonjwa kliniki na kurudi mezani kwake siku ile ile. Kwaya ya kanisa, iliyokuwa imebakiwa na sauti za wazee, husikia tena besi ya vijana. Lau kazi ya mbali ingekuwa imeleta hayo peke yake, makala haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa.

Huenda mtu akasema kwamba Gusii imewafanyia kazi walio mbali siku zote, na kwamba hapana jipya. Atataja Tabaka, ambako mawe ya sabuni yanachongwa kuwa viboko, bakuli na mabao ya sataranji, yakauzwa Ulaya na Marekani. Atataja chai ya Nyamira, inayopita katika mnada wa Mombasa hata ikanywewa Pakistani, Misri na Uingereza. Hoja hii ni ya haki, lakini inasahau tofauti kubwa. Mchongaji hufunga kibanda chake Ijumaa jioni, na jiwe halimwiti. Hulikuta kesho kutwa vile vile alivyoliacha, nalo halikutoa lalamiko kwa mtu yeyote. Anayeuza kitu hupeleka kitu, na nafsi yake hubaki nayo. Anayeuza usikivu wake, macho yake na majibu yake papo kwa hapo, huyo hana kifurushi cha kupeleka ila nafsi yenyewe, na nafsi haiwezi kuwapo mahali pawili kwa saa moja.

Nililiona jambo hili Ijumaa moja, katika boma la jamaa ninaowaheshimu sana. Kijana wao, mhitimu wa chuo kikuu, hukaa katika esaiga, nyumba ya kijana ambaye hajaoa, na humo ameweka meza, kompyuta, na betri ya kumwokoa stima inapopotea. Kazi yake ni kusikiliza sauti za mikutano na mahojiano ya Wamarekani na kuziandika neno kwa neno. Tangu alasiri mama yake alikuwa katika maandalio, kama yafanyavyo maelfu ya majumba ya Waadventista Wasabato katika nchi ile tangu wamisheni wao walipopanda kutoka Gendia, walikofika mwaka 1906, hadi Nyanchwa kando ya mji wa Kisii: ua umefagiwa, maji yamechotwa, chakula cha kesho kimepikwa na kufunikwa, nguo za kanisani zimepigwa pasi ya makaa na kutundikwa msumarini. Karibu na mstari wa ikweta jua halina kigeugeu. Huko Kisii hutua baada ya saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, na halifiki saa moja. Lilipogusa kilima, mama akaenda akasimama mlangoni pa esaiga.

"Mwanangu, jua limetua. Njoo tufungue Sabato."

Kijana alivua kile kidude cha masikioni, upande mmoja. "Nasikia, mama. Lakini kwao hata saa sita ya mchana haijafika, na kazi hii wanaitaka leo yao."

Mama akangoja kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Na hili lililotua ni jua la nani?"

Hakumkemea, wala hakungoja jibu. Alirudi nyumbani kwake, wimbo ukaanzwa, na mahali pa kijana palikuwa wazi mpaka sala ilipokwisha. Mimi niliyekuwa mgeni sikuweza kuona kosa upande wowote wa wawili hao, maana karo ya mdogo wake ilitoka katika kompyuta ile. Lakini nilijua kwamba swali la mama lilikuwa zito kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya mustakabali wa kazi.

Natulitazame sasa kwa macho ya dini. Amri ya Sabato, katika Kutoka na katika Kumbukumbu la Torati, haikumhesabu mwenye nyumba peke yake. Ilimhesabu mwanawe na binti yake, watumishi wake wa kiume na wa kike, wanyama wake wa kazi, na hata mgeni aliyeingia katika malango yake. Hapo pana mpango wa dhima ambao aghalabu tunaupita kwa haraka: mwenye lango ndiye atakayeulizwa juu ya pumziko la kila aliyemo ndani. Je, kijana wa Birongo yumo katika lango la nani? Tajiri anayemlipa kutoka New York ana lango, lakini kijana hamo. Hajapata kuliona, na mwenye lango hajui kwamba Birongo kuna magharibi. Baba mzazi naye ana lango, na kijana yumo. Lakini baba si mwajiri, na hana amri juu ya saa za mkataba. Hivyo dhima imeanguka katikati, mahali pasipo mtu, na kinachoanguka pasipo mtu humwangukia mnyonge. Hii ndiyo hatari yenyewe ya kazi isiyo na mahali: si kwamba bwana wake ni mkatili, bali kwamba hapana aliyesimama mahali pa kuulizwa.

Jibu langu ni kwamba tumekosea kumtafuta mgeni. Mgeni aliyeingia malangoni ni kazi yenyewe. Yeye ndiye aliyekuja Birongo. Kijana hakwenda New York. Kazi hiyo imekaribishwa katika esaiga, inatumia stima yetu, inakesha na taa yetu, inakula usiku wa mtoto wetu, na mgeni wa namna hiyo, pamoja na taadhima yote tunayomkirimu, hufuata saa za boma alimoingia. Kumbukumbu la Torati linaongeza sababu ambayo Wagusii wana njia ya kuielewa kuliko wengi: watu wale waliamriwa kupumzika kwa kuwa waliwahi kuwa watumwa katika nchi ya Misri, na mtumwa hujulikana kwa kuwa hana uwezo wa kukoma. Nchi ambayo babu zake walivaa kipande isikubali kwa wepesi kwamba mjukuu, aliyeketi kwenye udongo wake mwenyewe, ashindwe kuzima kompyuta kwa muda wa wimbo mmoja na sala.

Wala jambo hili si la Waadventista tu. Wakatoliki wa Nyabururu wana Jumapili yao, na Waislamu wa mjini Kisii wana adhana ya Ijumaa, ambayo Kurani imeamrisha biashara iachwe inapotolewa, kisha ikawaruhusu waumini watawanyike tena kutafuta fadhila ya Mwenyezi Mungu. Kuacha kumetangulia na kutafuta kumefuata, na katika mpangilio huo kuna hekima kubwa. Hapana Mwislamu wa Lamu afuturuye kwa magharibi ya Houston kwa sababu ndiko utokako mshahara wake. Ibada zote hizi zimekubaliana, kila moja kwa namna yake, kwamba wakati wa mja hupimwa kwa jua na mwezi vilivyo juu ya kichwa chake. Ibn Khaldun, katika Mukadima, alifundisha kwamba chumo la mwanadamu ni thamani ya kazi yake. Nami nathubutu kuongeza kwamba kazi ikitolewa mwilini, basi mwili una haki ya kusema saa ngapi ni jioni.

Biashara inapopewa nafasi ya kuamua jambo hili, twajua ifanyavyo. Nchi ya Samoa iliifuta siku nzima ya tarehe 30 Desemba 2011, wakalala Alhamisi na kuamka Jumamosi, ili kalenda yao ilingane na ya Australia na New Zealand wanakofanya biashara. Waadventista wa huko wakahitilafiana vikali: je, siku ya saba ni ile iliyoitwa Jumamosi na serikali, au ni ile iliyofuata hesabu ya mwanzo? Serikali iliweza kuhamisha jina la siku kwa sheria, lakini haikuweza kuituliza dhamiri kwa sheria hiyo hiyo.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao sipendi kuuficha, nao unahusu ukweli. Mtu aliye ghaibu haonekani, na asiyeonekana hushawishiwa kuwa asiyekuwa. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana wa Kenya, wahitimu wenye vipaji, wamejiruzuku kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, na hata tasnifu, ambazo wanafunzi hao huziwasilisha kwa majina yao wenyewe. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, ameyachunguza maisha ya waandishi hao kwa huruma na kwa insafu, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo katika nchi ya England. Wako wanaowatetea vijana wakisema kwamba kosa ni la mnunuzi, na kwamba mwenye njaa hachagui. Nawaonea huruma, na siwatupii jiwe. Lakini siwezi kuita halali kazi ambayo msingi wake ni ushahidi wa uongo. Zaidi ya hayo, naona hasara ambayo haihesabiki kwa fedha: kijana wa Kisii husoma usiku kucha juu ya uuguzi au falsafa, hupata alama ya juu, na alama hiyo huandikwa kwa mwingine, hata kwamba elimu yake imo duniani na jina lake halimo. Tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili bandia zilipoanza kuandika insha kwa dakika chache, wengi wa vijana hao walipoteza hata ujira ule, na hawakuwa na cheti, barua wala sifa ya kuonyesha kwa miaka waliyoitumikia. Kazi iliyojengwa juu ya kutokuwapo, ikiondoka, haiachi alama.

Kinyume chake ni ile desturi ya risaga, ambayo wazee wa Gusii wanaikumbuka: majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao, wakalima au wakapalilia pamoja, kisha wakala na kunywa kwa mwenye shamba. Humo mtu alionekana. Mvivu alionekana na akaona haya. Mgonjwa alionekana pia, na mwenzake akamlimia mstari wake bila ya kuulizwa. Waajiri wa leo nao wanataka kuona, ila wamechagua macho mengine: ziko programu zinazohesabu vidole vinavyogusa herufi na kupiga picha za kioo cha kompyuta kila baada ya muda, na macho hayo yanamwona mvivu, lakini mgonjwa hayamwoni. Kuonwa na mtu na kupelelezwa na chombo ni mambo mawili, na roho ya mwanadamu hutambua tofauti hata pale asipoweza kuitaja.

Na majirani nao wana deni. Kijana anayeonekana nyumbani mchana, Gusii na kwingineko, huhesabiwa kuwa hana kazi. Akiwa katikati ya mkutano na watu wa mbali, shangazi humwita akamshikie ndama. Mjomba humtuma dukani akalete sukari. Na akisema kwamba yuko kazini, huambiwa kwamba kazi ni ile ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Basi kijana huyo hukosa heshima ya mchana kwa kuwa watu wake hawamwamini kwamba yuko mbali, na hukosa pumziko la usiku kwa kuwa matajiri wake hawajui kwamba yuko karibu na mama yake. Yaliyo mazuri ya mahali pote pawili yanampita katikati.

Je, sheria haiwezi kumlinda? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Ufaransa tangu mwaka 2017 imewapa wafanyakazi wake haki ya kutojibu ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Huku kwetu pia mswada wa namna hiyo umewahi kupelekwa katika Seneti na Seneta Samson Cherargei. Lakini kijana wa esaiga si mwajiriwa mbele ya sheria. Ni mkandarasi, aliyejiweka mwenyewe kwa hiari yake, na mwenye kumlipa hana ofisi katika Kenya ya kushtakiwa. Mkono wa serikali hautamfikia upesi, na kwa sababu hiyo dhima inarudi kwa walio karibu.

Najua nitajibiwa kwamba akikataa kazi ya Ijumaa usiku atapunguziwa nyota za sifa mtandaoni, na kazi itakwenda kwa mwingine wa Manila au Lagos. Ni kweli kwamba huenda ikawa hivyo kwa wengine, na dini zote huruhusu la dharura: ng'ombe hukamuliwa hata siku ya Sabato, na muuguzi hamwachi mgonjwa. Lakini mikutano ya watu iliyorekodiwa si mgonjwa, na mara nyingi tajiri wa mbali hakukataa pumziko, hakuambiwa tu. Wengi wao wana Jumamosi na Jumapili zao na wangeelewa wakielezwa mapema.

Basi nawasihi vijana wa Birongo na wa Gusii nzima: kabla ya kukubali mkataba wowote, andikeni ndani yake sharti moja lililo wazi, kwamba tangu jua kutua Ijumaa hadi kutua Jumamosi, au siku yoyote ambayo imani yenu inaitukuza, kwa saa za Afrika Mashariki, hampatikani, na kazi ya muda huo ipangiwe siku nyingine. Wachungaji, mapadri na maimamu wawafundishe hilo waumini wao waziwazi, badala ya kuwalaumu vijana wasiofika ibadani. Na wazazi wauheshimu mlango wa esaiga uliofungwa mchana kama wanavyouheshimu mlango wa ofisi ya serikali. Chuo Kikuu cha Kisii na vyuo vidogo vya kaunti zetu mbili hutoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao hawatapata dawati popote ila katika nyumba za wazazi wao. Yafaa tukubaliane nao juu ya mambo haya sasa, kabla hawajaketi.